Mwalimu na Mayai Yake ya Chaki

Mpaka leo sijui kama Mwalimu alinifundisha Kiingereza au alinifundisha kuchora mayai. Nikikumbuka vipindi vyake silioni neno hata moja. Naona duara katikati ya ubao, vijiti vimechomoza pande zote kama jua lililochorwa na mtoto wa chekechea, na kila kijiti kimeshika duara dogo kwenye ncha. Sisi tuliyaita mayai. Yeye aliyaita nyumba za maneno. Neno kubwa linakaa nyumba ya kati, ndugu zake wanakaa pembeni, na ukitaka kumtembelea ndugu mmoja lazima upite kwanza kwa mkubwa wao. Habari za kutembeleana nilizielewa vizuri. Habari za Kiingereza zikabaki kwa wenyewe.

Jina lake analo, na ninalijua, ila mtaa mzima wa Mafiga, hapa Morogoro, tulimwita Mwalimu, na nikimwita vinginevyo nahisi rula itashuka kutoka darini. Alikotoka sikuwahi kuuliza. Alikuwa mtu wa kuja, kama nusu ya mji huu, akaoa Mluguru, inatosha. Ninachotaka kueleza ni namna alivyokaribia kuondolewa kwenye nyumba yenye kaburi la mkewe, na namna mimi, mwenye D ya Kiingereza ambayo hata hiyo sijui niliitoa wapi, nilivyogeuka kuwa mwalimu wake wa lugha. Jambo hilo lilinichanganya lilipokuwa likitokea, na linanichanganya sasa ninapoliandika.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Natengeneza feni na pasi barazani kwa mama, na safari ninazozijua ni tatu: dukani, msikitini, na kurudi.

Kila somo la Mwalimu lilianza kwa kupasua ubao sehemu tatu. Ya kwanza, Najua. Ya pili, Nataka kujua. Ya tatu, Nimejua. Nasi tulichora hivyo hivyo kwenye madaftari. Ya kwanza kwangu ilikuwa tupu kila siku, kwa hiyo ilikuwa safi kuliko zote. Ya pili siku moja niliandika kwamba nataka kujua saa ya kutoka. Mwalimu akasoma, akatikisa kichwa taratibu kama daktari, akaweka alama ya vema. Kengele ilipolia akaja mpaka kwenye dawati langu na kalamu nyekundu. "Haya, sasa jaza ya tatu." Nikaandika saa nane na nusu. Darasa likacheka juma zima, lakini yeye hakucheka, na mimi sikujua kama nimetaniwa au nimefaulu.

Sentensi aliifundisha kwa mawe. Alibeba mafiga matatu kwenye mfuko wa rambo, mawe hasa ya jikoni yenye masizi, akayapanga mbele ya darasa na kutubandikia sufuria juu yake. Jiwe la kwanza ni mtendaji, la pili ni tendo, la tatu ni mtendwa. Akimwita mtu mbele, huondoa jiwe moja. Sufuria inaanguka, kishindo kinasikika mpaka ofisi ya mkuu wa shule. "Umesikia? Hiyo ndiyo sentensi yako." Mkewe alilalamika kwa mama yangu kwamba yeye ndiye mwanamke pekee Morogoro ambaye mafiga yake huenda shule.

Alikuwa na misemo yake. "Usinikaririe, nichoree." "Neno lisilo na jirani ni mwizi, mtalikimbiza bure." Mwisho wa kipindi alisema, "Futeni ubao, acheni kichwani," na mimi nilifuta vyote viwili.

Kulikuwa na kamba. Mbili, za katani, ndefu, alizipata sijui kwenye shamba gani la mkonge. Alizitandaza uwanjani zikawa duara mbili kubwa zilizoingiliana, hii imepanda juu ya ile. Duara moja ni vitu vya kuliwa, nyingine ni vitu vya kuuzwa. Kila mwanafunzi alipewa karatasi yenye neno la Kiingereza akaibana kifuani, kisha anakimbia kusimama mahali pake. Aliyepewa neno la ndizi alisimama pale katikati duara zilipoingiliana, kwa sababu ndizi inaliwa na inauzwa. Aliyepewa neno la kiatu alikwenda upande wa kuuzwa. Mimi nikatazama karatasi yangu. Nilipewa neno la "lakini".

Nikauliza, "Mwalimu, mimi niingie wapi?"

Akanitazama, akazitazama kamba, akanitazama tena. "Kaa hapo kwanza."

Hiyo "kwanza" ilichukua miaka minne. Mara nyingine nilipewa "labda", mara nyingine "mpaka". Wenzangu walikuwa mbuzi, madaktari, mito na magari, mimi nimesimama nje ya kamba juani na kikaratasi changu. Nyumbani nilimwambia mama kwamba Mwalimu ananiona mjinga. Mama akasema, "Sasa na wewe hujionei?"

Mtu wa michoro namna ile ungetegemea ajue njia. Hakujua. Aliwahi kupotea Mazimbu akitafuta jengo ambalo alikuwa ameegemea ukuta wake. Safari moja alitumwa Dodoma kusahihisha mitihani. Basi liliposimama Dumila akashuka kununua vitunguu, akavuka barabara kufuata vyenye bei nzuri, akapanda basi lililosimama upande huo. Jioni mkewe akamwona anaingia uani na mfuko wa vitunguu.

"Dodoma umefika?"

"Nadhani nimefika," Mwalimu akasema, "ila panafanana sana na hapa."

Sisi tulipomuuliza darasani, alieleza kwamba mishale ya ubaoni haimpotezi, mpaka ifungwe injini.

Michoro yake haikuishia shuleni. Mama yangu na jirani waligombana juu ya maji machafu yaliyokuwa yakipita mbele ya mlango wetu. Mwalimu akipita na baiskeli akasimama, akaokota kijiti, akachora mayai mawili kwenye tope, yameingiliana. "Mama wa hapa anataka nini? Mama wa pale anataka nini? Na hapa katikati, mnachokitaka wote, ni nini?"

Mama akatazama katikati. Katikati palikuwa pamejaa maji machafu.

"Hayo," mama akasema, "nilikuwa nayajua kabla hujaja na kijiti, Mwalimu."

Wakaanza kucheka, mama na jirani, wakamcheka Mwalimu, na ugomvi ukaisha. Mwalimu akaondoka akiamini umeisha kwa sababu ya mchoro. Mimi sina hakika. Lakini sina hakika pia kwamba haukuisha kwa sababu ya mchoro.

Sasa nifike kwenye jambo lake kubwa, lililonishangaza kuliko yote. Mtu huyu aliyefundisha lugha maisha yake yote hakujua lugha ya mkewe. Mkewe alikuwa wa huko juu, milima ya Uluguru, upande wa Kinole, mtu wa migomba na mdalasini. Alimsemesha Kiluguru, naye akajibu Kiswahili, miaka na miaka, kama watu wawili wanaorushiana mpira wa aina mbili. Hawakujaliwa watoto. Mwalimu alipostaafu wakapanda mlimani, wakajenga kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo, lukolo wenyewe wanavyouita, unafuata mama. Mume ni mgeni. Anaheshimiwa, analishwa, anazikiwa wafu wake, lakini ni mgeni, na kinachomfunga pale ni mke.

Mke akafa. Akazikwa nyuma ya nyumba, karibu na mgomba alioupanda mwenyewe.

Wiki ya pili ya msiba nikamwona Mwalimu anaingia barazani kwetu na mfuko wa rambo. Nilikuwa nimeifungua feni ya mtu, vipande vimeenea mpaka mlangoni. Nikasimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole sana."

"Marahaba. Mama yupo?"

"Ameenda Kilosa, dada kajifungua."

Akakaa kwenye kigoda, akavitazama vipande vya feni kwa muda, nadhani alitamani kuvichorea duara. Kisha akasema shemeji yake, kaka wa marehemu, amemweleza kwa adabu kwamba baada ya arobaini ukoo utakaa kuzungumza habari ya nyumba. Hawakumtukana. Hawakumfukuza. Ila watakaa, na yeye anajua vikao vya namna hiyo huwa vinaelekea wapi.

"Nyumba waichukue," akasema. "Mabati yale si kitu. Mimi nataka kukaa karibu na kaburi. Nataka niwaombe kwa lugha yao. Kiswahili nimewapigia kelele muda mrefu, hata wao wamechoka nacho."

"Sasa Mwalimu, mimi..."

"Wewe mama yako ni wa kule. Na wanafunzi wangu wengine wote niliowafuata sikuwakuta nyumbani."

Hilo sikuweza kulipinga.

Nilipaswa kumwambia ukweli siku ile. Kiluguru changu chote nilikipata kwa bibi yangu mzaa mama, jikoni kwake, nikiwa mdogo wa kupelekwa likizo. Najua maneno ya kuomba chakula, ya kuomba tena, na ya kumtukana mbuzi. Lakini mtu aliyekusimamisha nje ya kamba miaka minne anapokuja na kusema nifundishe, kuna kitu kinavimba kifuani. Nikasema, "Tuanze."

Akatoa daftari kwenye mfuko. Akapasua ukurasa sehemu tatu. Kwenye Najua hakuandika kitu. Kwenye Nataka kujua akaandika, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni: Namna ya kuomba nisiondolewe.

Tulikaa siku kumi. Alifikia kwa mwalimu mwenzake mstaafu mtaa wa pili, na kila asubuhi alikuwa barazani kabla sijanywa chai. Alichora yai kubwa, ndani yake akaandika "Bibi", kwa sababu mwenye neno la mwisho kule ni mama mdogo wa marehemu, mwanamke ambaye umri wake haujulikani ila meno yake yanajulikana, ni mawili. Vijiti vikatoka pande zote. Mimi nikawa najaza mayai madogo. Aliuliza, "Wanasemaje: naomba msiniondoe hapa?" Nikakuna kichwa. Kilicho karibu zaidi nilichokuwa nacho ni kile nilichomwambia bibi yangu mvua ikinyesha: usinifukuze jikoni. Nikampa hicho. Aliuliza, "Nitasaidia kutunza mahali, wanasemaje?" Nikampa: moto wako nitauchochea. "Hata nikipewa sehemu ndogo tu, nitashukuru?" Nikafikiri sana. Nikampa: nipe hata ukoko.

Kiluguru chenyewe sikiandiki hapa. Wenyewe wakikiona nilivyokiandika watakuja na bakora.

Alikuwa mwanafunzi mbaya. Hili nalisema kwa furaha isiyo na haya. Ulimi wake mzito, sauti inapanda pasipo kupanda. Nami nikamwambia, "Mwalimu, usinikaririe, nichoree," akanitazama juu ya miwani. Lakini usiku alirudia, maana asubuhi mayai yalikuwa yameunganishwa kwa mishale mipya. Siku moja katikati ya mazoezi akaishika kalamu bila kuandika.

"Yule mwanamke," akasema, "alikuwa ananisemesha kila asubuhi. Maneno haya haya, nayasikia sasa, niliyasikia kwake. Nilidhani muda upo."

Nikafunga skrubu ya feni ambayo haikuhitaji kufungwa.

Siku ya kumi na moja akapanda mlimani. Arobaini ilipokaribia mama akarudi kutoka Kilosa. Nikamsimulia, nikiwa nimejaa sifa, namna nilivyomfundisha Mwalimu hotuba ya kuwaambia wazee. Akataka kuisikia. Nikaisema yote mpaka mwisho.

Mama akaweka kikapu chini. "Hayo atamwambia nani?"

"Atamwambia Bibi wa kule."

"Mama mkwe wake?"

Akakaa chini kabisa, sakafuni, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka ghafla na hapo ndipo nikaogopa. "Wewe mtoto, hayo ni maneno ya mjukuu wa miaka mitano. Mzee mzima, mbele ya ukoo, anamwomba mama mkwe wake ukoko?"

Kwa wasiojua: kule mkwe na mama mkwe hawasogeleani ovyo. Hawali pamoja. Mkwe akizungumza naye anatazama chini, na maneno yake yanavaa kanzu. Mimi nilikuwa nimemvalisha Mwalimu kaptura.

Arobaini ilikuwa kesho yake. Simu yake haikupatikana, mlimani mtandao ni wa kubahatisha. Basi mimi, mtu wa dukani na msikitini, alfajiri nikapanda bodaboda ya kwenda Kinole, nimekumbatia mgongo wa dereva nisiyemjua, kila kona nikitubu. Dereva akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda pikipiki. Nikamwambia ndiyo mara yangu ya mwisho.

Nilifika kisomo kimekwisha na watu wamekula. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, shemeji mtu katikati, Bibi kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango wa jiko, kajifunika khanga kichwani mpaka machoni. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni, nje ya mikeka, kama mgeni anavyokaa. Mkononi ana daftari. Nikamsogelea nimeinama.

"Shikamoo, Mwalimu. Usiseme yale maneno. Nilikosea. Ni maneno ya..."

Hakugeuka. Akaniwekea mkono begani, akanikandamiza chini taratibu.

"Kaa hapo kwanza."

Nikakaa. Ningefanya nini?

Shemeji mtu alikohoa, akaanza kwa upole, akamsifu marehemu, akamsifu Mwalimu, akasema ardhi ni ya ukoo na kila mtu ana kwao. Alisema kwa Kiswahili, ili mgeni aelewe. Kisha akamuuliza kama ana neno.

Mwalimu akasimama. Hakufungua daftari. Akatembea, na hapo nikaona watu wameanza kutazamana, kwa sababu alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Bibi, karibu kuliko mkwe anavyotakiwa kufika, akachuchumaa. Mzee wa mvi, magoti yamelia mpaka tukayasikia. Akamtazama usoni. Akasema, kwa ulimi wake mzito, sauti ikipanda pasipo kupanda:

Bibi, usinifukuze jikoni. Moto wako nitauchochea. Nipe hata ukoko.

Nilisikia kuku. Niliangalia njia niliyojia nikapima kama mtu wa nyumbani anaweza kukimbia mpaka Mafiga.

Bibi akaivuta khanga nyuma kidogo. Akamtazama Mwalimu kwa jicho moja, kisha la pili. Meno mawili yakatokea.

"Huyu mjukuu wangu," akasema kwa Kiluguru, na nashukuru maneno yale yalikuwa miongoni mwa machache ninayoyajua, "ametoka wapi na mvi zote hizi?"

Mtu mmoja akacheka puani. Kisha mwanamke mmoja nyuma. Kisha mikeka yote ikacheka, hata shemeji mtu, anajifuta macho na kofia. Bibi yeye hakucheka tena. Akageuka upande wa jiko akaita kwamba sufuria ya wali isioshwe. Likaletwa bakuli, ndani yake ukoko mkavu uliokwanguliwa, akaushika kwa mkono wake mwenyewe akampa. Mwalimu akaupokea kwa mikono miwili akaanza kutafuna, pale pale chini. Ulikuwa mgumu, nilisikia unavyovunjika.

Mzee mmoja akaanza kusema kwamba kikao kiendelee. Shemeji mtu akamtazama Bibi, akamtazama Mwalimu anavyotafuna, akakunja mkeka wake.

"Kiendelee wapi? Mjukuu hafukuzwi jikoni kwa bibi yake. Mwenyewe kashampa chakula."

Ndivyo ilivyokwisha. Na mimi ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Maana jioni, watu wametawanyika, tulikaa wawili barazani, na nikawaza: mtu huyu aliishi na Mluguru muda wote ule. Alisema mwenyewe kwamba maneno aliyatambua. Alikwenda karibu, alichuchumaa. Mkwe hachuchumai hivyo, mtoto ndiye huchuchumaa hivyo. Kwa upande mwingine, huyu ndiye aliyekwenda Dodoma akarudi na vitunguu vya Dumila.

"Mwalimu," nikamwambia, "ulijua kwamba ni maneno ya kitoto, au hukujua?"

Akaangalia upande wa mgomba.

"Na kingine," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeshapanda pikipiki na sikuwa na cha kuogopa. "Kwenye zile kamba. Miaka yote uliniweka nje. Mahali pangu palikuwa wapi?"

Mwalimu akaokota kipande cha mkaa. Akainama, akachora kwenye sakafu ya baraza duara moja, kubwa, zuri, kama yale ya zamani. Akachora la pili, likapanda juu ya la kwanza. Akaunyanyua mkaa, akausogeza huku, akausogeza kule, na mimi nikainama nione.

Ndani sauti ya Bibi ikatoka, kali, na Mwalimu akashtuka kama mtoto aliyefumaniwa.

"Anasemaje?" akaniuliza.

"Anasema mjukuu wake anamchafulia baraza."

"Ee," akasema. Akaweka nukta haraka, na kabla sijaisogeza shingo akafuta vyote kwa wayo, mpaka sakafu ikabaki na doa jeusi lisilo na umbo. Kisha akasimama, magoti yakalia, akaingia jikoni kuchochea moto.

Mimi nikabaki nimeinama. Nukta sikuona aliiweka wapi.